Pembe ya Kulia

4 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Naandika kwa kalamu kwa sababu umekataa katakata kushika simu, na sikio lako moja nalo limekuunga mkono katika mgomo huo. Dereva wa gari letu la sampuli hupita mjini kwako kila Alhamisi akipeleka damu na makohozi maabara kuu, na amekubali kunibebea barua. Usiogope, anaziweka mbele pamoja naye, haziingii kwenye lile sanduku la barafu.

Nimemaliza mwezi wa kwanza. Mlangoni kwangu wameandika "Meneja wa Huduma", rangi bado inanuka. Ndani kuna meza, kabati lisilofunga, na dirisha linalotazama moja kwa moja benchi za wagonjwa wa nje, kwa hiyo hata chai nainywa nikitazamwa na watu mia mbili. Chuoni walinifundisha bajeti, takwimu na mipango ya watumishi kwa miaka minne. Hakuna aliyenifundisha la kufanya pampu ya maji inapokufa siku ileile mpishi na mfua nguo wamegombana, na kila mmoja anataka nimfukuze mwenzake. Nachoka, Baba. Narudi nyumbani miguu inawaka moto, na kutwa nzima sijamgusa mgonjwa hata mmoja.

Lakini kuna jambo nimelishika, na nataka ulisikie kwangu. Karatasi zote kwenye sanduku la maoni zinalia kitu kimoja: hapa foleni haifuatwi. Mtu anafika saa kumi na mbili asubuhi, mwingine anafika saa tatu na kuingia kwa daktari kabla yake. Nimechunguza. Mapokezi kuna karani wa siku nyingi, mama wa makamo, wote wanamwita Mama Kadi. Amekaa miaka ishirini na mitatu kwenye dirisha lilelile. Juzi nilichukua rundo la kadi kabla halijaingia chumba cha daktari, nikakuta baadhi zimekunjwa pembe. Kidogo tu, kiasi cha ukucha. Zilizokunjwa ndizo zinazoingia kwanza. Nikamwuliza hizi ni za nani. Akanijibu, "Ni za wagonjwa, Meneja." Akaita jina linalofuata.

Jumatatu tunafunga mashine ya namba. Kila mtu atachukua kikaratasi mlangoni, ubao utaita moja, mbili, tatu, awe nani awe nani, na hakuna atakayekunjiwa chochote. Mama Kadi nimemwandikia atoe maelezo yake.

Unajua kwa nini hili linanichoma kuliko mengine. Sijasahau ile asubuhi uliyorudi nyumbani saa nne na kikombe chako cha kazini mkononi, wala maneno niliyoyasikia shuleni muhula mzima, kwamba baba yangu karani wa hospitali amefukuzwa kwa kupitisha watu wake mbele ya wengine. Sikulaumu, yamepita. Ila ndiyo sababu nilichagua kazi hii. Niko kwenye majaribio mpaka Mei, kisha bodi itaamua kama inanithibitisha au naenda zangu.

Binti yako


13 Machi

Mwanangu Meneja,

Marahaba. Dereva wako amenikuta nimekaa barazani na kandambili, akanisalimia kana kwamba mimi ndiye mganga mkuu. Viatu vyangu vyeusi vimeanza kunibana ikifika jioni, nadhani ngozi imesinyaa kwa joto, kwa hiyo siku hizi mimi ni mtu wa kandambili. Mama yako angekuwepo angenifungia ndani nisimtie aibu.

Kuhusu mpishi na mfua nguo, usifukuze mtu. Mmoja msikilize Jumanne, mwingine Ijumaa, tena kwa kirefu. Mpaka Ijumaa watakuwa wamepatana kwa kukusengenya wewe.

Sasa hili la kadi. Nina swali la kizee. Pembe iliyokunjwa ilikuwa ya kulia au ya kushoto? Na jingine: ulipozishika zile kadi, ulisoma majina ya juu tu, au ulisoma pia alichoandika daktari chini baada ya kuwaona? Hayo tu. Sijasema kitu.

Hiyo mashine ya namba naijua. Wiki iliyopita nilikwenda kituo cha afya cha hapa kupima presha, nikapewa arobaini na nane. Ubao ukaita kumi na tisa, ukakaa, ukaita ishirini, ukakaa. Benchi yenyewe haina mgongo. Nikaona niwaachie nafasi wenye shida zao, nikarudi zangu nyumbani. Nilipumzika mara mbili kwenye ule mwinuko wa sokoni, ambao mwaka jana hata sikujua kama ni mwinuko.

Kikombe ulichokitaja ninacho bado. Kinashika joto vizuri.

Baba yako


20 Machi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Huenda hunikumbuki. Mimi ni yule msichana uliyempokea kwenye dirisha lako la mapokezi, ndiyo kwanza naanza kazi, naogopa hata kuita majina kwa sauti. Ulinionyesha pembe mbili za kadi. Kulia, huyu asisubiri. Kushoto, anaweza kusubiri lakini mtupie jicho. Sikumaliza hata mwezi na wewe, wakakuondoa, na mimi wakanihamishia huku. Ndipo nilipo mpaka leo, wananiita Mama Kadi, na pembe nimekunja miaka yote hii bila mtu kuuliza. Muuguzi wa chumba cha daktari akibadilishwa, namfundisha mpya, maisha yanaendelea.

Sasa wametuletea Meneja. Siku ya kwanza alisimama dirishani kwangu akanyoosha rundo la karatasi, akaligonga mezani mara mbili upande mrefu, mara moja upande mfupi. Nikajisemea, huyu namjua. Nikaulizauliza. Kumbe ni wako. Amefanana nawe mpaka namna ya kukasirika: hapandishi sauti, anakuwa mpole mpaka unaogopa.

Anataka nijieleze kwa maandishi. Nimekaa na karatasi wiki mbili. Nieleze nini, Mwalimu? Niandike kwamba mtu akishika fremu ya mlango kabla ya kuingia nimeshamwona? Kwamba mtoto anayelia hanitishi, ananitisha aliyenyamaza? Kwamba kuna wanaokatisha jina lao katikati kuvuta pumzi, na hicho kituo ndicho ninachokisikiliza? Mimi si muuguzi. Sina cheti hata cha kufunga kidonda. Wataniuliza nimesomea wapi, niseme dirishani?

Siandiki nikuombe uniombee. Nataka tu ushauri. Nikisema aliyenifundisha ni wewe, nitaonekana namtisha Meneja kwa jina la baba yake. Nikinyamaza, nitaonekana nauza foleni. Nimebakiza miaka michache nistaafu, na sijui kazi nyingine duniani. Siku hizi mashine inaita namba kutwa kwa sauti ya mwanamke asiyejua mafua ni nini, nami nimekaa chini yake nagonga mihuri. Macho yangu hayana kazi. Hilo ndilo linalonichosha kuliko kesi yenyewe.

Mwanafunzi wako wa dirishani


27 Machi

Binti yangu wa dirishani,

Nakukumbuka sana. Ulikuwa ukiita majina kama mtu anayeomba msamaha.

Usinitaje. Nikiingia kati, atasema namtetea mwingine ili nijisafishe mwenyewe, na hatakuwa amekosea sana. Nimekaa kimya miaka yote hii, na kimya kikishakaa kinakuwa kama kabati zito, unaogopa kulisogeza kwa sababu ya alama litakayoacha sakafuni.

Sababu ya kunyamaza kwangu unaijua nusu. Kumbuka muuguzi wa chumba cha daktari, aliyezipokea zile kadi na kuzipanga zilizokunjwa juu. Alikuwa mke wangu. Ningejieleza, swali la pili lingekuwa nani huko ndani anazisoma hizo pembe. Tungefukuzwa wote wawili wiki moja, na msichana wetu alikuwa kidato cha pili. Kwa hiyo nilipoulizwa kama nilipendelea watu, nikasema ndiyo. Wakaandika. Mama yake akabaki kazini, mtoto akabaki shuleni. Huu ni mwaka wa sita tangu mama yake atutoke, na bado sijui nianzie wapi kumwambia.

Wewe jieleze ukweli wako, wangu uache. Waambie wasome kilichoandikwa chini ya kadi zilizokunjwa.

Samahani kwa mwandiko, naandikia mapajani. Nimehamia kwenye kiti cha marehemu, mchana na hata wakati wa kulala, maana nikilala chali nahisi kama kuna mtu amenikalia kifuani. Nikijikunyata kitini anashuka. Na kikohozi hiki kikavu kimeniganda. Uzee hauna adabu. Meneja usimwambie, mzigo alio nao unamtosha, na barua hii usimwonyeshe.

Mwalimu wako


3 Aprili

Baba, shikamoo.

Ya kulia. Chache ni za kushoto. Sijui habari hiyo utaifanyia nini.

Alichoandika daktari sikusoma. Sikuwa natafuta wanaumwa nini, nilikuwa natafuta nani amemruka nani.

Mashine inafanya kazi. Wiki ya pili sasa sanduku la maoni liko tupu, nalifungua asubuhi nakuta vumbi. Mganga mkuu alinipongeza mbele ya wakuu wa idara wote, hata mpishi akapiga makofi. Maelezo ya Mama Kadi yalikuja mstari mmoja na nusu: "Nawatazama wanapoingia. Someni kadi zenyewe." Mstari mmoja na nusu kwa miaka ishirini na mitatu! Niliona ni dharau. Nimemsimamisha kazi. Kamati ya nidhamu inakaa tarehe 30, na pendekezo la kumwachisha kazi linasubiri sahihi yangu. Mwenyekiti wa bodi ameniambia bila kumung'unya maneno kwamba kesi hii ndiyo watakayonipimia. Wamewahi kupata mameneja wawili wenye huruma, hawataki wa tatu.

Umeniuliza maswali kama wakili. Na mimi nakuuliza moja, unisamehe. Unamtetea yeye au unajitetea wewe? Kama una la kusema kuhusu ile asubuhi, liseme. Nimelisubiri tangu navaa sare ya shule. Nilikuwa nakaa karibu na mlango wa jikoni nikidhani leo atasema, leo atasema, na wewe ulikuwa unakunywa chai.

Nimeandika kwa hasira na sitaifuta. Nimechoka mno kuandika nyingine.

Binti yako


10 Aprili

Mwanangu,

Barua nimeipata. Mvua imeanza huku, paa linavuja palepale pa mwaka jana, nimetega sufuria. Swali lako nimelisoma na nimeliweka chini ya kikombe. Nitalijibu, nipe siku chache. Mkono unachoka upesi, hii yenyewe nimeiandika kwa mapumziko mawili na unaiona ilivyo fupi.

Ule vizuri. Usisimame sana.

Baba yako


17 Aprili

Baba,

Jana ubao uliita namba sitini na moja. Ukaita tena. Ukaita mara ya tatu, kisha ukaenda sitini na mbili, kwa sababu ndivyo nilivyoagiza: asiyeitika mara tatu anarukwa. Agizo hilo lina sahihi yangu na limebandikwa ukutani.

Sitini na moja alikuwa benchi ya tatu, upande wa ukuta. Fundi viatu, mtu wa umri wako. Alikuja peke yake, akachukua kikaratasi, akakaa. Waliokuwa karibu naye wanasema hakuomba kitu, alikuwa anajifuta jasho tu na kitambaa. Alikaa saa tatu na dakika arobaini. Na mimi nilimwona, Baba. Nilikuwa na kikombe cha chai, nikatazama nje, nikamwona mzee ametulia na namba yake mkononi, nikajisemea kwamba hivi ndivyo foleni inavyotakiwa kuwa.

Aliyemgusa bega ni mfagiaji. Daktari alikuja mbio lakini hapakuwa na la kufanya. Kikaratasi ilibidi tumkunjue vidole ndipo kitoke.

Nilizungumza na wanawe wawili. Walinishukuru kwa kuwaita. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Nilipoachana nao niliingia chumba cha kuhifadhia kadi nikafunga mlango. Nikatoa kadi zote zilizokunjwa za Januari na Februari. Zilikuwa themanini na tatu. Nikasoma chini, kama ulivyoniambia mwezi mzima uliopita. Nimonia. Kifafa cha mimba. Sukari imepanda mpaka mtu haoni. Moyo. Moyo. Mimba iliyotunga nje. Nimonia, mtoto wa miezi minne. Sabini na mmoja kati yao walilazwa siku ileile. Wachache Mama Kadi alikosea. Nimetafuta ndugu zake na majirani zake katika majina hayo, nimeuliza watu, sijapata hata mmoja. Kisha nikatafuta kadi ya fundi viatu. Haina mkunjo, bila shaka. Iko nyoofu kabisa.

Mfagiaji alinikuta nimekaa sakafuni. Alizungusha fagio kunipita, akasema bila kunitazama, "Mama Kadi angemwona."

Ulitaka kujua kulia au kushoto. Mtu asiyejua habari hizi hawezi kuuliza hivyo. Niambie.

Binti yako


23 Aprili

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Sikuambii utamsahau. Mimi wa kwangu alikuwa mtoto wa miaka miwili, amelala mapajani kwa mama yake, na kadi yake nikaiweka chini ya rundo kwa sababu walifika wa mwisho na mtoto alikuwa hasumbui. Ulikuwa hujazaliwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako sirudi tena pale dirishani. Mama yako hakunibembeleza, ulimjua. Alichukua kipande cha karatasi, akakikunja pembe, akasema, "Wewe ndiye unayewaona wa kwanza. Kesho ukimwona wa namna ile, nikunjie hivi, mimi nitajua." Kwa hiyo pembe si yangu. Ni ya mama yako. Mimi nilikuwa macho tu, yeye ndiye alikuwa mkono.

Tulifanya hivyo miaka kumi na minne. Siku moja bwana mmoja mwenye cheo alikaa akasubiri, akamwona mwanamke muuza mkaa, kachafuka, anapitishwa mbele yake. Alikwenda juu kulalamika. Walipozipekua kadi wakakuta mikunjo, na katika mikunjo hiyo, mwanangu, wakakuta kadi ya shemeji yangu, dada wa mama yako, jino. Jino! Nakiri. Alinililia siku mbili pale nyumbani, nikamkunjia. Hiyo moja ndiyo waliyoishika, na hiyo moja ilikuwa ya haki kabisa kuishika. Waliniuliza nani huko ndani anashirikiana nami. Nikasema hakuna, muuguzi anazichukua zilivyopangwa. Nikasema napendelea watu. Mama yako alilia, akataka kwenda kusema. Nikamwambia tukifukuzwa wote, mtoto anarudi nyumbani kesho.

Kukuambia nilikuwa nangoja ukue. Ulipokua, nikakuona una hasira safi inayokusukuma mbele, nikaogopa kuigusa. Ulipohitimu nilikaa safu ya nyuma, nikasikia wakisoma jina lako, usimamizi wa huduma za afya, nikajua umekwenda kusomea kutokuwa mimi. Nilipiga makofi. Mama yako alinishika mkono. Baada ya hapo haikuwa tena kwa ajili yako, ilikuwa woga wangu tu.

Nisikilize kuhusu kazi. Mashine usiing'oe. Wanaoweza kusubiri wana haki ya kusubiri kwa mpangilio, na bila mashine kila shemeji ana jino. Lakini mpe Mama Kadi muuguzi wa kukaa naye dirishani, mmoja atazame, mwingine ahakikishe, na iandikwe kama sheria, isiwe siri ya watu wawili. Siri yetu ilikuwa nzuri, ila ilikuwa siri, na ndiyo maana ilivunjika kirahisi. Ndiyo, Mama Kadi ni mwanafunzi wangu. Hakukuambia ili asionekane anakutisha kwa jina langu.

Sahihi ni yako tarehe 30. Sikuambii uandike nini.

Bahasha kaniandikia jirani. Vidole vimejaa kidogo, kalamu inateleza.

Baba yako


2 Mei

Meneja,

Leo nimerudi dirishani. Kiti changu mtu alikishusha, nimekipandisha. Sijakushukuru kwa juzi kwenye kamati, niliondoka haraka kwa sababu machozi yananifanya mbaya. Nimeona watu wengi wa ofisini wakisema "kosa ni langu", lakini wote huongeza "lakini". Wewe ulisema ukakaa chini. Nimesikia wameahirisha kukuthibitisha miezi sita. Naomba radhi kwa sehemu yangu katika hilo. Muuguzi uliyeniletea anajua kazi. Tumebishana mara mbili tangu asubuhi, mara moja alikuwa sahihi.

Nakuandikia badala ya kuja kwa sababu dirisha siwezi kuliacha, na hili haliwezi kungoja mchana. Nimeambatisha barua ya Mwalimu, baba yako. Aliniambia nisikuonyeshe, na sijapata kumkaidi maishani. Niliipokea mwezi wa tatu nikiwa na kesi yangu kichwani. Nilisoma alichoniambia kuhusu mimi, nikapita juu ya mistari ya mwisho. Hata mimi, Meneja. Leo nimeisoma tena nikisubiri dirisha lifunguliwe.

Soma aya ya mwisho. Usiisome kama barua ya mzee anayelalamikia uzee. Isome kama kadi. Mtu wa namna hiyo angetokea mlangoni hapa, nisingemwuliza hata jina.

Mama Kadi


2 Mei

Baba,

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Viatu vinakubana ikifika jioni. Ulipumzika mara mbili kwenye mwinuko wa sokoni. Ulipewa arobaini na nane ukarudi nyumbani. Mapumziko mawili kwa barua fupi. Vidole vimejaa. Mama Kadi kaniongezea kiti cha Mama na huyo mtu anayekukalia kifuani, lakini mengine yote uliniandikia mimi, tangu Machi, kwa mwandiko wako. Nami nilikuwa nasoma habari za kadi.

Nina mengi ya kukuambia. Kuna kuomba radhi ndani yake, na kuna ugomvi pia, usidhani umenusurika. Siyaandiki hapa. Nataka kuyasema umekaa mbele yangu, niko upande wa sikio linalosikia.

Barua hii haiji na gari la sampuli. Dereva ni yuleyule, gari ni la wagonjwa, na nyuma amekaa muuguzi ambaye nimemwambia asikubali ubishi wako. Jirani nimempigia simu, atakaa nawe mpaka wafike. Dakika chache zilizopita nimemwona Mama Kadi akipanga kadi zake. Anasema gari likirudi hatakuwa dirishani, atakuwa mlangoni. Namba huchukui. Kikombe ukitaka, kibebe.

Usijibu barua hii. Vaa kandambili zako, upande gari.

Pembe ya kulia nimeikunja mwenyewe.

Binti yako